Ndoo ya maji yenye koki isiyovuja: jinsi ya kuifunga nyumbani na kuitunza

Ndoo yenye kifuniko na koki ni kifaa kidogo kinachozuia magonjwa makubwa. Lakini koki iliyofungwa vibaya huvuja, na ndoo inayovuja haikai siku nyingi kabla ya kusukumwa pembeni, familia ikarudi kuchota maji kwa kikombe. Makala hii inaeleza jinsi ya kufunga koki kwenye ndoo ya kawaida ili isivuje, kwa nini huvuja, na namna ya kuitunza. Maelezo haya yanawafaa wakimbizi na wenyeji pia, iwe unaishi Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja au Kyangwali nchini Uganda, au Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania.

Neno moja kabla hatujaanza. Kifaa tunachokiita koki hapa, wengi waliotoka Kongo hukiita robine, na wengine husema bomba. Ni kitu kilekile: kile unachokizungusha au kukiinua ili maji yatoke.

Kwa nini koki, na si kikombe?

Maji yanayotoka kwenye bomba la jumuiya mara nyingi yametiwa klorini na yako salama pale yanapotoka. Shida huanzia njiani na nyumbani. Kila mara kikombe kinapozamishwa kwenye ndoo, vidole huingia pamoja nacho. Mtoto aliyetoka kucheza huchota, mgeni huchota, aliyetoka chooni bila kunawa huchota. Klorini iliyobaki kwenye maji hupungua kadiri saa zinavyopita, na ikiisha hakuna tena kinachoua vijidudu vilivyoletwa na mikono.

Jambo hili lilipimwa kambini mwaka 1993. Katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, walikoishi wakimbizi kutoka Msumbiji, baadhi ya familia zilipewa ndoo zenye kifuniko na mdomo wa kumiminia, ambazo mkono hauwezi kuingia kirahisi. Familia nyingine ziliendelea na ndoo za wazi. Kwenye ndoo zilizofunikwa, vijidudu vya kinyesi ndani ya maji vilikuwa pungufu kwa asilimia 69, na watoto wenye umri chini ya miaka 5 waliharisha kwa asilimia 31 pungufu. Maji yalikuwa ya visima vilevile. Kilichobadilika ni chombo tu. Koki hufanya kazi hiyohiyo ya kuuweka mkono mbali na maji.

Tone moja linagharimu nini?

Wengine husema tone si kitu. Tuhesabu. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku. Hata tukichukua matone madogo, kama yale ya chupa ya dawa ya macho ambapo matone 20 hufanya mililita 1, tunapata zaidi ya lita 4 kwa siku. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya dumu la lita 20 ambalo mtu alipanga foleni, akalijaza na kulibeba kichwani hadi nyumbani. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinasema kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Lita 4 zikipotea sakafuni, nyumba imepoteza zaidi ya robo ya mgao wa mtu mmoja.

Tena maji yanayodondoka hufanya tope chini ya ndoo, na tope huleta nzi pale pale unapochukulia maji ya kunywa.

Maji huvujia wapi?

Ukielewa sehemu hii, hatua zote zitakazofuata zitakuwa rahisi.

Koki ya ndoo ina sehemu nne. Kuna mwili wa koki unaobaki nje. Kuna bega, yaani ile sahani bapa ya duara inayoegemea ukuta wa ndoo. Kuna shingo yenye meno, inayopita kwenye tundu hadi ndani. Na kuna nati inayokazwa kwenye shingo kutoka ndani. Pamoja na hizo huja mpira wa duara, ambao mafundi huuita wosha. Wakati mwingine mmoja, wakati mwingine miwili.

Maji yaliyo ndani ya ndoo yana njia mbili za kutoroka. Ya kwanza ni kati ya nati na ukuta wa ndani. Ya pili ni kwenye meno yenyewe: hata nati ikikazwa sana, kati ya meno yake na meno ya shingo hubaki mfereji mwembamba unaozunguka, na maji huufuata polepole. Njia zote mbili huishia mahali pamoja, kwenye tundu la ukuta, kisha maji hutokea nje nyuma ya bega la koki.

Ni kama boma lenye vichochoro viwili vinavyotokea kwenye lango moja. Ukifunga lango, vichochoro havina tena umuhimu. Lango letu ni nafasi iliyo kati ya bega la koki na ukuta wa nje wa ndoo. Kwa hiyo, kama una mpira mmoja tu, uweke nje, kati ya bega na ukuta wa ndoo. Watu wengi huuweka ndani chini ya nati, kwa kudhani kwamba maji yazuiwe kule yaliko. Ukiuweka huko unafunga kichochoro kimoja, na kile cha meno kinabaki wazi. Kama una mipira miwili, weka mmoja nje na mmoja ndani.

Mpira hufanya kazi yake ukibanwa sawasawa pande zote, juu ya sehemu laini na bapa. Ukuta wenye mikwaruzo, plastiki iliyovimba kando ya tundu, au ukuta uliopinda sana huacha upenyo ambao hakuna nguvu ya mkono itakayouziba.

Vifaa unavyohitaji

- Ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye kifuniko, iliyokuwa ya mafuta ya kupikia au chakula, au ndoo mpya. Usitumie kamwe ndoo iliyobeba rangi, dawa ya mimea au kemikali, hata kama umeiosha mara kumi.
- Koki ya ndoo yenye nati na mpira wake. Kabla ya kulipa, ifungue na kuifunga mara kadhaa, na hakikisha nati inaingia kwenye meno bila kukwama.
- Kalamu, kisu kikali na msasa laini.
- Drili yenye msumeno wa duara kama fundi anayo. Kama hakuna, kipande cha bomba la chuma chenye upana unaokaribia shingo ya koki, kitakachopashwa moto.
- Spana, au mkono wenye nguvu ya kutosha.

Angalizo kuhusu vipimo: koki inayouzwa kwa jina la nusu inchi haina shingo ya nusu inchi. Nusu inchi ni karibu milimita 13, lakini meno ya koki hiyo yana upana wa karibu milimita 21. Jina hilo linatokana na vipimo vya zamani vya mabomba. Kwa hiyo usitoboe kwa kufuata jina. Pima shingo ya koki uliyonayo mkononi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali pa tundu. Tafuta sehemu ya ukuta iliyo laini, isiyo na maandishi yaliyovimba wala mstari wa kiungo. Katikati ya tundu iwe sentimita 4 hadi 5 juu ya sakafu ya ndani ya ndoo. Ukishuka zaidi, nati itagongana na kona ya chini na haitakaa sawa. Nafasi hiyo pia inasaidia uchafu uliotulia chini usiingie kwenye kikombe. Ni kweli kwamba karibu lita 2 zitabaki chini ya koki; ukifika hapo inamisha ndoo taratibu, au tumia maji hayo kufulia.

2. Chora. Simamisha shingo ya koki juu ya ukuta na uizungushie kalamu. Tundu lifuate ukingo wa ndani wa mchoro huo. Ni afadhali tundu liwe dogo kidogo, kwa sababu unaweza kulipanua. Tundu lililozidi haliwezi kurudishwa.

3. Toboa. Kama fundi ana drili na msumeno wa duara, mwachie kazi hiyo. Kama unatumia bomba la chuma la moto, fanya kazi nje, mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali, na shika chuma kwa kitambaa kinene au koleo. Moshi wa plastiki ni mbaya kwa mapafu, kwa hiyo simama upande unakotoka upepo. Gusisha chuma taratibu hadi kipenye. Usikisukume kwa nguvu. Usikate tundu kwa kisu lenye pembe, kwa sababu ufa huanzia penye pembe na ndoo ikijaa utarefuka.

4. Lainisha kingo. Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi zaidi, na ndiyo sababu kubwa ya kuvuja. Chuma cha moto huacha plastiki iliyovimba kuzunguka tundu kama mdomo. Kata uvimbe huo kwa kisu, ndani na nje, kisha sugua kwa msasa hadi kidole kinachopita juu yake kisihisi kitu. Osha vumbi lote la plastiki.

5. Panga vipande. Vaa mpira kwenye shingo hadi uguse bega la koki. Ingiza shingo kwenye tundu kutoka nje. Kama kuna mpira wa pili, uvae kwa ndani. Kisha anza kukaza nati kwa vidole. Ikikwama mwanzoni, usilazimishe: meno yamepishana. Ifungue na uanze tena.

6. Kaza nati, usizungushe koki. Mkono mmoja ushike koki kwa nje, mdomo wake ukitazama chini, isisogee hata kidogo. Mkono mwingine ukaze nati kwa ndani. Ukizungusha koki yenyewe, bega huburuta mpira na kuukunja, na hutaona kwa sababu umefichika. Nati ikigoma kwa vidole, ongeza robo hadi nusu mzunguko kwa spana, basi. Mpira uliobanwa vizuri huonekana umetandazwa kidogo pande zote. Ukiona umechomoza upande mmoja, umezidisha. Legeza na uupange upya.

7. Jaribu kabla ya kuamini. Weka ndoo juu ya meza au matofali, ijaze hadi juu, na funga koki. Ijaze kabisa, kwa sababu maji yakiwa marefu husukuma kwa nguvu zaidi kwenye koki. Ndoo isiyovuja ikiwa nusu inaweza kuvuja ikijaa. Futa nje kwa kitambaa kikavu, weka karatasi kavu chini ya koki, na uache usiku mzima. Asubuhi karatasi iwe kavu.

Bado inavuja? Angalia tone linatokea wapi

Usikimbilie kukaza. Futa kote, kisha shika karatasi kavu na uguse sehemu moja baada ya nyingine.

- Tone linatoka mdomoni mwa koki iliyofungwa. Tundu lako halina kosa. Kuna mchanga ndani ya koki au sehemu yake ya ndani imechakaa. Ifungue na kuifunga mara kadhaa maji yakipita kwa nguvu. Kama haiponi, badilisha koki.
- Tone linatoka nyuma ya bega. Mpira haujakaa sawa, au ukuta haujalainishwa. Mwaga maji, fungua, kagua kingo, geuza mpira upande wa pili na ufunge upya.
- Linatoka nyuma ya bega kando, lakini si upande wa juu wala wa chini. Ukuta umepinda na bega ni bapa. Tumia mpira mnene na laini zaidi, au ongeza wa pili juu ya wa kwanza.
- Kuna mstari wa unyevu kwenye ukuta. Ndoo ina ufa. Ufa hauponi. Ndoo hiyo ifanye ya kuwekea vitu vikavu.

Kuhusu gundi: usiitumie kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Gundi za dukani hazikutengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, na zikikauka hupasuka mara ndoo inapoguswa au kujaa. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba haina madhara, nayo husaidia kwenye meno ukiizungusha uelekeo uleule ambao nati inakazwa. Lakini haichukui nafasi ya mpira.

Wengi hukata mpira kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Kwa ndoo ya kunawia mikono, hilo linatosha kabisa: kata duara lenye ukubwa wa bega, na tundu lake liwe dogo kidogo kuliko shingo ili likumbatie. Kwa maji ya kunywa tumia mpira uliokuja na koki, kwa sababu tyubu haikutengenezwa kwa ajili ya chakula na huacha harufu.

Vipi kuhusu sufuria ya kuchemshia?

Wanaouza chai, shule na baadhi ya familia hutaka koki kwenye sufuria kubwa au pipa la chuma la kuchemshia. Kanuni ya lango moja inabaki ileile, ila vifaa hubadilika. Koki ya plastiki italainika na kuanguka. Inatakiwa ya shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Mpira wa kawaida hukakamaa na kupasuka kwa joto. Unatakiwa wa silikoni, unaovumilia joto kubwa kuliko la maji yanayochemka. Na ujaribu chombo hicho kikiwa baridi, kisha kikiwa moto, kwa sababu chuma hutanuka kikipata joto na kurudi kikipoa. Kinachoshika asubuhi kinaweza kulegea jioni.

Lakini kama unapikia kuni juu ya mafiga matatu, ushauri wetu ni kutoweka koki kwenye sufuria hata kidogo. Miali hupanda ubavuni na kuchoma koki na mpira, na koki ikiachia, maji yanayochemka hummwagikia aliye karibu, ambaye mara nyingi ni mtoto. Chemsha kwenye sufuria ya kawaida hadi mapovu makubwa yapande kwa dakika 1, au dakika 3 kama unaishi juu ya mita 2,000. Funika, acha yapoe, kisha mimina kwenye ndoo yenye koki. Usimimine maji ya moto kwenye ndoo ya plastiki: hulegeza ukuta, na mpira huachia.

Kuitunza ndoo

- Iweke juu ya meza, kigoda au matofali, ili kikombe kikae chini ya koki bila kugusa.
- Iweke kivulini. Mwanga wa jua ukipenya ndoo, ukijani huota ndani.
- Ioshe kila wiki kwa sabuni na maji safi, pamoja na mdomo wa koki kwa ndani. Usisugue kwa mchanga, kwa sababu mikwaruzo hufuga vijidudu.
- Mdomo wa koki usiguswe kwa midomo wala vidole.
- Tenga ndoo ya kunywa na ndoo ya kunawia, na uziwekee alama ambazo hata mtoto asiyesoma atazitambua.
- Fungua koki na mpira mara moja baada ya miezi michache, osha na ufunge upya. Mpira uliokakamaa ubadilishwe kabla haujaanza kuvuja.

Maswali ya kawaida

*Maji yanatoka kidogo kidogo kisha yanasimama. Koki imeziba?*
Mara nyingi hapana. Maji yakitoka, hewa lazima iingie. Kifuniko kikibana kabisa, hewa haina pa kupita. Legeza kifuniko kidogo unapochota, kisha kifunge. Kwenye dumu lenye koki, legeza kizibo vivyo hivyo.

*Nikiwa na ndoo yenye koki, bado natakiwa kutibu maji?*
Ndiyo, kama yametoka ziwani, mtoni, kwenye bwawa au kisima kisicholindwa. Koki huzuia uchafu mpya usiingie. Haiui vijidudu vilivyokuwamo tayari. Chemsha, au tumia vidonge vya klorini kwa kufuata maelezo ya pakiti, kwa sababu vidonge hutofautiana nguvu.

*Bomba la jumuiya linavuja. Naweza kulitengeneza kwa njia hii?*
Usilifungue mwenyewe. Bomba hilo lina msukumo mkubwa na linahudumia watu wengi. Toa taarifa kwa kamati ya maji ya eneo lako mapema, kwa sababu penye uvujaji maji machafu yanaweza kuingia kwenye bomba wakati msukumo umepungua.

Nani anaweza kukusaidia?

Kama huna drili au huna uhakika wa kutoboa, uliza kamati ya maji, mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) au fundi bomba wa karibu. Familia kadhaa zikikusanya ndoo zao siku moja, fundi mmoja mwenye msumeno wa duara hutoboa zote kwa muda mfupi, na gharama ya kila nyumba hupungua. Wenyeji na wakimbizi wanaochota kwenye kisima kimoja wanaweza kufanya hivyo pamoja, kwa kuwa kipindupindu kikiingia kwenye nyumba moja hakisimami kwenye mpaka wa makazi.

Mtu yeyote nyumbani akianza kuharisha maji mfululizo, usisubiri. Mpe maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini (ORS) na mpeleke kituo cha afya mara moja.